Chaneli ya Kwaya Iko kwenye Simu ya Nani?

Kigoma haina uhaba wa sauti. Kuanzia Ujiji hadi Kasulu, kuanzia kwaya za Mwandiga hadi zile za kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, nyimbo zinarekodiwa wiki baada ya wiki, na nyingi zinaishia YouTube. Ila ukiuliza swali moja dogo, kwamba chaneli imefunguliwa kwa barua pepe ya nani, mara nyingi utaambiwa ni ya kijana mmoja aliyekuwa na simu nzuri mwaka ule, au ya studio iliyopiga video. Kijana akihamia Dar es Salaam kutafuta maisha, kwaya ya watu arobaini inabaki na nyimbo zake mdomoni, na mlango wa chaneli umefungwa.

Mjadala wa wasanii wanaojitegemea na majukwaa hukimbilia kwa wakubwa: YouTube inakata nyingi, Spotify inalipa senti. Hayo yana ukweli wake na nitayagusa. Lakini sehemu kubwa ya nguvu ambayo msanii wa Kigoma anaipoteza, anaipotezea hapahapa, kati yake na mtu aliyemsaidia kupandisha kazi. Sehemu hiyo inarekebishika bila kumpigia magoti mtu yeyote wa California.

Kuhusu wakubwa tuseme ukweli kwanza. Makubaliano ya jukwaa hayajadiliwi. Unabonyeza "nakubali", na wao wanabaki na haki ya kuyabadilisha. Januari 2018 YouTube ilitangaza kwamba chaneli haitaingiza pesa ya matangazo mpaka iwe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Kabla ya hapo ilitosha chaneli iwe imetazamwa mara 10,000 tangu ifunguliwe. Chaneli ndogo dunia nzima zilitolewa kwenye mapato ndani ya wiki chache, bila kosa lolote. Mwezi huohuo Facebook ikasema itatanguliza machapisho ya ndugu na marafiki, na kurasa zilizojengwa kwa miaka zikaona watu wanaofikiwa wakipungua. Mfano unaoniuma zaidi ni Myspace. Mwaka 2019 ilikiri kwamba nyimbo zilizopandishwa kabla ya 2015 zilipotea wakati wa kuhamisha seva, na hesabu iliyotajwa ilizidi nyimbo milioni 50. Kwa wasanii wengi ile ndiyo ilikuwa nakala pekee.

Wapo waliolishinda jukwaa. Juni 2015 Taylor Swift aliandika barua ya wazi kuilalamikia Apple kwa kutotaka kuwalipa wasanii katika miezi mitatu ya majaribio ya bure ya Apple Music, na Apple ikabadili uamuzi siku ileile. Alikuwa na albamu ambayo Apple isingeipata kwa mwingine. Mvuvi wa Kibirizi mwenye mnunuzi mmoja hapangi bei ya dagaa wake. Mwenye wanunuzi watatu na pa kuanikia anaweza kusubiri. Msanii mdogo hana silaha nyingine zaidi ya hiyo: awe na uwezo wa kusubiri na uwezo wa kuhama. Na kuhama kunahitaji vitu vinavyoshikika: ufunguo wa chaneli, akaunti ya malipo, mikataba inayoisha, mafaili halisi, na namba za watu wanaokupenda.

Tuanze na ufunguo. Kikundi kifungue barua pepe yake, si ya mwanakikundi. Neno la siri liandikwe kwenye karatasi na kuwekwa kwa katibu na kwa mweka hazina, watu wawili tofauti. Washa uthibitisho wa hatua mbili, kisha chukua zile namba 10 za akiba ambazo Google inakupa na uzichape. Hatua hii wengi wanairuka, nayo ndiyo inayookoa. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na namba hupewa mtu mwingine. Kama uthibitisho wako wote unategemea meseji kwenye laini ya kijana aliyeondoka, hata neno la siri sahihi halitakuingiza.

Fundi video na studio wasipewe neno la siri kamwe. Ndani ya YouTube Studio, kwenye mipangilio, kuna sehemu ya ruhusa: unamwongeza mtu kwa barua pepe yake na kumpa nafasi ya meneja au ya mhariri. Atapandisha video, ataandika maelezo, ataweka picha ya juu. Siku mkiachana unamwondoa kwa kubonyeza mara moja. Kama chaneli tayari iko mikononi mwa mtu mwingine, angalia kwanza imefunguliwaje. Chaneli iliyounganishwa na akaunti ya chapa (Brand Account), yaani akaunti inayoweza kuwa na wamiliki kadhaa, inaweza kuhamishwa: mwenyewe anakuongeza kama mmiliki, mnasubiri siku 7, ndipo anakufanya mmiliki mkuu. Hizo siku 7 zimewekwa kuzuia wizi, kwa hiyo msianze zoezi hili usiku wa kuamkia safari yake. Chaneli iliyofunguliwa moja kwa moja kwenye akaunti yake binafsi ya Google ina hatua zaidi, maana inabidi kwanza ihamishiwe kwenye akaunti ya chapa. Fanyeni mkiwa bado mnaelewana.

Baada ya ufunguo, malipo. Hapa nitakaa kidogo.

Saa 4,000 ni dakika 240,000. Ikiwa mtazamaji wa kawaida anakaa dakika tatu kwenye wimbo wako, unahitaji kutazamwa mara 80,000 ndani ya mwaka mmoja. Vipande vifupi vinavyotazamwa kwenye ukurasa wa Shorts havihesabiwi kwenye saa hizo. Vina njia yao, mara milioni 10 ndani ya siku 90. Ndiyo maana unaweza kuona chaneli yenye vipande vinavyovuma miezi na miezi lakini haijafika popote. Kwaya ina faida hapa bila kujua. Video ya ibada au tamasha ya dakika 50 inakusanya saa kuliko nyimbo kumi fupi, maana watu huiacha icheze wakiwa wanapika.

Ukishakubaliwa, YouTube inakuachia 55% ya pesa ya matangazo kwenye video ndefu, na 45% ya fungu lako kwenye Shorts. Pesa inapitia AdSense, mfumo wa Google wa kulipa mapato ya matangazo. Google inaruhusu akaunti moja tu ya AdSense kwa jina moja la mlipwaji, na ndipo studio zinapoingia: "Tumieni yangu, nitawagawia." Matokeo yake mapato ya vikundi kumi yanaangukia kwenye akaunti ya mtu mmoja, na mgao unategemea hisani yake. Ikiwa ndivyo mlivyo, msigombane kwanza. Ingieni YouTube Studio ya chaneli yenu, kwenye takwimu, sehemu ya mapato, na mwandike kiasi cha kila mwezi. Namba ile ni ya chaneli yenu peke yake, haichanganyiki na ya wenzenu. Kisha fungueni AdSense yenu na mwiunganishe. Mabadiliko ya aina hiyo yanaruhusiwa mara moja tu kila siku 32, kwa hiyo mhakikishe jina limekaa sawa kabla ya kubonyeza.

Jina lenyewe lina mtego. Wakati wa kufungua utaulizwa kama akaunti ni ya mtu binafsi au ya taasisi, na jibu hilo halibadilishwi baadaye. Jina lazima lilingane na la akaunti ya benki itakayopokea. Kwaya yenye akaunti ya benki kwa jina lake ichague taasisi. Isiyo nayo itaishia kutumia jina la mtu, na hapo pawe na karatasi iliyosainiwa na uongozi inayosema pesa ile ni ya nani na inatolewaje.

Mapato yakifika dola 10, Google inatuma barua ya karatasi yenye PIN. Kigoma barua hiyo inapotea kwa sababu moja kubwa: anwani. Mtu anaandika "Mwanga, karibu na sokoni" na kusubiri. Andika sanduku la posta lililo hai, jina la sanduku ni la nani, jina la mji, na postikodi ya kata. Kama sanduku ni la shule au la parokia, mwambie anayelifungua atarajie bahasha ndogo isiyo na nembo ya kuvutia, maana huwa zinatupwa zikidhaniwa ni matangazo. Google inasema wiki mbili hadi nne. Usikate tamaa ikifika wiki ya tano. Unaweza kuomba PIN nyingine, lakini barua zote kwa jumla ni nne, na miezi minne ikipita bila kuthibitisha, matangazo yanasimamishwa. Malipo yenyewe hayatoki mpaka salio lifike dola 100, na hutumwa kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi. Benki itakata ada yake ya kupokea; iulize kabla, na uliza pia kama inafaa ufungue akaunti ya dola.

Kisha kodi, na hapa Kigoma ina jambo lake la pekee. Wakongomani wengi waliokaa Nyarugusu wamehamishiwa Marekani, nao wanasikiliza nyimbo za Kiswahili za huku kuliko watu wanavyofikiri. Tangazo linaloonekana na mtu wa Marekani kwa kawaida hulipa zaidi ya lile la Bujumbura au Kalemie. Lakini mapato ya watazamaji wa Marekani yanakatwa kodi ya huko, na kwa kuwa Tanzania haina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, makato ni 30% ya sehemu hiyo. Usipojaza fomu ya kodi kabisa, Google inaweza kukata hadi 24% ya mapato yako yote, ya dunia nzima. Chukua mwezi wa dola 120 ambao dola 40 zimetoka Marekani. Mwenye fomu anakatwa dola 12. Asiye na fomu anaweza kukatwa dola 28.80. Fomu ya mtu binafsi ni W-8BEN, ya taasisi ni W-8BEN-E. Sehemu inayodai namba ya mlipakodi wa kigeni, weka TIN yako ya TRA. Fomu haidumu milele: huisha mwisho wa mwaka wa tatu baada ya ule uliosaini. Na kampuni ya hapa nchini ikikulipa kwa maudhui ya mtandaoni, tangu Sheria ya Fedha ya 2024 inatakiwa kuzuia 5%. Dai cheti cha zuio, usiridhike na meseji.

Kesi za hakimiliki kwenye chaneli za huku zina chanzo kimoja kikubwa, nacho ni biti. Prodyuza anashusha biti ya kukodi mtandaoni, ambayo imekodishwa pia kwa watu mia wengine, anaiuza kama yake. Mmoja wa wale mia amesajili wimbo wake kwenye Content ID, mfumo wa YouTube unaotambua sauti zilizosajiliwa, kupitia msambazaji wake, yaani kampuni inayompelekea nyimbo kwenye majukwaa, na mfumo ukisikia biti ileile kwenye wimbo wako unaudai, na pesa ya matangazo inaelekea kwake. Hakuna aliyekuibia kwa makusudi. Mashine imelinganisha sauti. Leseni za kukodi kwa kawaida hukataza kusajili wimbo kwenye Content ID kwa sababu hiyo hasa. Muulize prodyuza, kabla hujaingia kurekodi, biti imetoka wapi, na leseni ikabidhiwe kwako ikiwa na jina lako.

Dai likishakuja, tofautisha mambo mawili. Dai la Content ID haliiui chaneli. Unalipinga ndani ya YouTube Studio, na mdai ana siku 30 za kujibu. Ukilipinga ndani ya siku 5 za kwanza, mapato yanashikiliwa tangu siku ya kwanza ya dai mpaka lipatiwe jibu; ukichelewa, yanashikiliwa kuanzia siku uliyopinga. Straiki ya hakimiliki, yaani onyo rasmi linalokuja na video kuondolewa, ndiyo ya kuogopa. Tatu ndani ya siku 90, chaneli inafungwa. Ukiwa na uhakika kazi ni yako, unatuma pingamizi rasmi lenye jina lako kamili na anwani, ambavyo atapelekewa mdai, naye ana siku 10 za kazi kuonyesha kwamba amekwenda mahakamani. Asipofanya hivyo, video inarudi. Watu wengi wenye haki hawatumi pingamizi kwa kuogopa maneno ya kisheria. Wasio na haki, kwa upande mwingine, wasijaribu, kwa sababu wanasaini tamko la kiapo kwamba wanasema kweli.

Ushahidi wako ni nini? Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, haki inazaliwa pale kazi inapotengenezwa, si pale inaposajiliwa. Lakini cheti cha COSOTA (Ofisi ya Hakimiliki Tanzania), mradi wa wimbo kwenye kompyuta ya studio, na makubaliano yaliyosainiwa na mtunzi, mwimbaji na prodyuza vinamaliza ubishi mapema. Karatasi moja yenye asilimia za kila mtu, zinazojumlika 100, isainiwe siku ya kurekodi. Wimbo ukishavuma kila mtu anakumbuka mchango mkubwa zaidi.

Kwenye Spotify, Boomplay, Apple Music na Audiomack wasanii wengi wanapita kwa msambazaji, na mkataba wa msambazaji una uzito kuliko jina la jukwaa. Tangu 2024 Spotify hailipi wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12, na hakuna bei ya kudumu kwa kila msikilizo: fungu la mapato linagawanywa kwa uwiano, na msikilizaji wa kifurushi cha bei ya Afrika Mashariki analeta fungu dogo kuliko wa London. Hilo huwezi kulibadilisha. Mkataba unaweza kuubadilisha.

Tazama muda, na kama unajirefusha wenyewe usipotoa taarifa. Miaka mitatu inayogeuka sita kwa sababu hukuandika barua siku 90 kabla ni jambo la kawaida mno. Tazama kama unatoa leseni ya kusambaza au unauza rekodi yenyewe. Na ukipewa pesa ya awali, uliza inafidiwa kutoka wapi. Tuseme umepewa shilingi 2,000,000 na mgao ni nusu kwa nusu. Ikifidiwa kwenye jumla kabla ya kugawana, ukishafika milioni 2 unaanza kupata nusu yako. Ikifidiwa kwenye nusu yako peke yake, nyimbo lazima ziingize milioni 4 kabla hujaona kitu, na kwa muda wote huo msambazaji anachukua nusu yake. Sentensi hizo mbili kwenye karatasi zinatofautiana maneno machache tu. Dai pia ripoti ya jedwali inayoonyesha kila wimbo, kila nchi, kila jukwaa. Msambazaji anayekutumia jumla moja kwa WhatsApp hajakupa ripoti.

Mafaili: kila wimbo uwe nao kama WAV, yaani sauti isiyobanwa, si MP3 uliyotumiwa kwa simu, pamoja na biti tupu, sauti peke yake, na picha ya jalada ya pikseli 3000 kwa 3000. Video ya kamera inayorekodi kwa megabiti 50 kwa sekunde inakula takribani GB 22 kwa saa, kwa hiyo diski ya TB 1 inabeba saa 44 hivi. Nunueni mbili, ziwekwe nyumba mbili. Msitegemee kuishusha video kutoka YouTube Studio, maana inarudi ikiwa imepunguzwa ubora hadi 720p au chini ya hapo.

Mashabiki nao wana anwani zaidi ya jukwaa. Wafuasi wa YouTube au wa chaneli ya WhatsApp huwezi kuondoka nao. Namba za simu unaweza. Orodha ya matangazo ya WhatsApp inachukua watu 256, na anayepokea ni yule tu aliyehifadhi namba yako, kwa hiyo kwenye tamasha usiishie kuchukua namba za watu: waombe na wao wahifadhi yako palepale. Daftari liwe na safu ya kukubali kupokea taarifa, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu hata kama wewe ni kwaya ya mtaa. Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika, na tena siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, intaneti ilipozimwa, wenye daftari walibaki na namba za kupiga.

Na ukiamua kumhama msambazaji, usianze kwa kushusha nyimbo. Omba kwanza ISRC ya kila wimbo, ile namba yenye herufi na tarakimu, jumla 12, kwani kwa namba hiyo jukwaa linatambua kwamba wimbo ni uleule. Pandisha kwa msambazaji mpya faili lilelile la sauti, kwa jina lilelile, tahajia ileile ya msanii na ISRC ileile. Subiri mpaka uone toleo jipya liko hewani na hesabu ya wasikilizaji imeungana na ya zamani. Baada ya hapo ndipo umwandikie wa zamani ashushe lake, na uhifadhi jibu lake, kwa sababu mapato ya robo mwaka ya mwisho bado yako kwake.